Palau, Mikronesia, Fiji au Visiwa vya Cook: mwenye pasipoti ya Vietnam aende wapi?

Mvietnamu anayetafuta kisiwa cha Pasifiki cha kupumzikia huanza na swali moja: wanataka viza? Swali hilo ni zuri ila halifiki mbali. Nchi nyingi za visiwa kule hazimsumbui mgeni. Zinamgongea mhuri uwanjani, hazimfanyii mahojiano, na nyingine hazimtozi hata senti. Tatizo liko njiani. Kutoka Hanoi au Ho Chi Minh City safari hizi hupitia nchi ya tatu, na nchi hiyo ya tatu ina sheria zake kwa pasipoti ya Vietnam. Ni sawa na kualikwa harusini ambako mwenye nyumba kaacha mlango wazi, ila njia pekee ya kufika inakatiza uani kwa jirani mwenye mbwa.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauishii kwenye orodha ya "viza inatakiwa" na "viza haitakiwi". Orodha hizo ziko tele, na ndizo zinazowafanya watu wanunue tiketi kisha wazuiwe kaunta ya ndege kabla hata hawajaondoka Vietnam. Nimewafikiria mawakala wa safari, watu wenye wenza wa Kivietnamu, na Wavietnamu wanaofanya kazi Afrika Mashariki. Hawa wa mwisho si wachache tangu Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, ilipofungua Halotel Tanzania na Lumitel Burundi mwaka 2015.

Nchi nilizochagua ni nne, kwa sababu kila moja inaonyesha hali tofauti. Palau ina mlango wazi na njia rahisi. Mikronesia ina mlango wazi na njia ngumu. Fiji inataka viza, ila njia yake ni nyepesi. Visiwa vya Cook vinamkaribisha kila mtu, lakini lazima upite kwa New Zealand.

Vigezo

Zote nne nimezipima kwa mambo yaleyale: mlango, yaani nchi yenyewe inataka nini, njia, yaani unapita wapi na huko wanataka nini, karatasi zinazoulizwa kaunta na uhamiaji, gharama zinazohusiana na kuingia, mbali na hoteli na starehe, na mwisho, inamfaa nani. Uzuri wa fukwe sijaupima. Zote ni nzuri, na mtu hakatai kisiwa kwa sababu ya mchanga.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: anayeamua kwanza kama utapanda ndege si afisa uhamiaji wa kisiwani, ni mhudumu wa kaunta wa shirika la ndege. Anatazama Timatic, mfumo wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) wa masharti ya kuingia nchi mbalimbali, kwa sababu shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Ukimwambia "lakini nilisoma kwamba haitakiwi", haimhusu. Masharti hubadilika, kwa hiyo liulize shirika lenyewe njia yako yote kabla ya kulipa, si kituo cha mwisho peke yake.

Palau

Mlango. Mvietnamu hupewa viza akifika, ya siku 30, bila malipo. Haombi chochote ubalozini. Akitaka kukaa zaidi, anaomba nyongeza kwa idara ya uhamiaji kabla siku zake hazijaisha, na hiyo hulipiwa. Kitu cha pekee ni mhuri wenyewe. Tangu Desemba 2017 kila mgeni hugongewa Palau Pledge, ahadi iliyoelekezwa kwa watoto wa Palau kwamba atatembea kwa heshima na hataharibu alichokikuta, kisha anaisaini mwenyewe ndani ya pasipoti. Mhuri huo unakula ukurasa mzima, kwa hiyo mwenye pasipoti iliyojaa aangalie kama amebakiza kurasa tupu.

Njia. Hapa ndipo Palau inapowazidi wenzake kwa Mvietnamu. Kuna njia mbili za maana.

Ya kwanza ni Taipei. China Airlines inaruka kutoka Vietnam hadi Taipei, na kutoka Taipei hadi Koror, mji mkubwa wa Palau. Ukibaki ndani ya eneo la kuunganishia ndege pale Taoyuan, uwanja wa ndege wa Taipei, ukiwa na tiketi moja inayofika hadi Koror na mzigo uliosajiliwa hadi mwisho, huhitaji viza ya Taiwan. Lakini mtu akiona tiketi mbili tofauti zina bei nafuu akazinunua, mzigo wake utatoka Taipei. Itabidi apite uhamiaji kuuchukua, na hapo Mvietnamu anahitaji ruhusa ya kuingia Taiwan. Upo usajili wa mtandaoni kwa Wavietnamu wenye viza au ukaaji wa nchi kama Marekani, Japani, Korea Kusini au za Schengen. Asiye na hivyo ataomba viza kamili. Akiba ya dola chache inaweza kuishia hapo.

Ya pili ni Manila. Raia wa Vietnam anaingia Ufilipino bila viza, kama nchi nyingi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zinavyofanyiana, na shirika la ndege la United la Marekani limekuwa ikiunganisha Manila na Koror. Faida yake ni uhuru: unaweza kununua tiketi tofauti, ukalala Manila, ukachelewa ndege ukapanga upya, na hakuna anayekuuliza viza. Unajisajili tu kwenye mfumo wa eTravel wa Ufilipino kabla ya kufika, na unaonyesha tiketi ya kuendelea. Hasara ni kwamba safari za Manila na Koror ni chache kwa wiki, na ukikosa moja unasubiri.

Njia ya tatu ni Guam, nayo ni Marekani. Iache, labda kama viza ya Marekani tayari unayo.

Karatasi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita, tiketi ya kutoka iwepo, na anwani ya unakolala ijulikane. Fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Tiketi ya kurudi na jina la hoteli si mapambo kwa Mvietnamu huko. Palau ilisumbuliwa miaka mingi na mashua za Kivietnamu zilizovua haramu katika maji yake, na mwaka 2015 ilizichoma moto kadhaa hadharani. Mtalii haingii katika mkasa huo, lakini ni vizuri ajue kwa nini maswali yanaweza kuwa mawili badala ya moja.

Gharama. Viza ni bure, ila nchi si bure. Ada ya mazingira ya dola 100 za Marekani imewekwa ndani ya bei ya tiketi tangu 2018, kwa hiyo huioni ukiwa pale. Ukifika, jimbo la Koror linatoza kibali cha kutembelea Rock Islands, visiwa vya miamba vya huko, dola 50, na ukitaka pia kuogelea Jellyfish Lake, lile ziwa la konyeza wasiowasha, ni dola 100. Tangu Januari 2020 mafuta ya kukinga jua yenye kemikali zinazoua matumbawe yamepigwa marufuku. Yakikutwa kwenye begi yanachukuliwa.

Inamfaa nani. Mtu mwenye pasipoti tupu, yaani hana viza yoyote ya Marekani, Australia wala Schengen, na anataka kusafiri bila kuomba kibali popote. Inafaa pia wenza wa uraia tofauti. Mkenya au Mtanzania hupata viza ileile uwanjani Palau, kwa hiyo hakuna mmoja anayemsubiri mwenzake; kilichobaki ni huyo mwenza naye kuangalia upya masharti ya Taipei au Manila kwa pasipoti yake.

Majimbo ya Shirikisho ya Mikronesia

Mlango. Kwenye karatasi hii ndiyo nchi rahisi kuliko zote. Mgeni wa taifa lolote anayekaa siku zisizozidi 30 haombi kibali cha kuingia. Si viza ya uwanjani, si usajili: unafika, unaonyesha pasipoti na tiketi ya kuondoka, unagongewa. Majimbo ni manne, Yap, Chuuk, Pohnpei na Kosrae, yametawanyika juu ya bahari kubwa mno.

Njia. Sasa shuka kutoka kwenye karatasi. Uti wa mgongo wa usafiri wa nchi hii ni United, ama kutoka Guam, ama ile safari maarufu ya kurukaruka visiwani kati ya Honolulu na Guam, inayotua Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei na Chuuk. Kwajalein ni kambi ya jeshi la Marekani, na abiria asiye na kibali haruhusiwi hata kushuka kunyoosha miguu. Guam na Honolulu zote ni ardhi ya Marekani, na Marekani haina utaratibu wa kuunganisha ndege bila kupita uhamiaji. Mvietnamu anayetaka kukaa saa mbili tu Guam anahitaji viza ya Marekani, ama ya kupita ama ya utalii. Upo mpango wa msamaha wa viza kwa ajili ya Guam na Visiwa vya Mariana Kaskazini, nao unazihusu nchi kadhaa za Asia, lakini Vietnam haimo.

Viza hiyo maana yake ni fomu ndefu, ada ya dola 185 isiyorudishwa, na mahojiano Hanoi au Ho Chi Minh City. Na ukishasimama dirishani kumweleza afisa wa ubalozi kwamba unakwenda Chuuk kutazama meli za Kijapani zilizozamishwa Februari 1944, jiandae kueleza Chuuk iko wapi. Ushauri wangu: kama lazima uombe, omba ya utalii badala ya ya kupita. Ada ni ileile, mahojiano ni yaleyale, na ukiipata unaweza kuitumia kwa safari nyingine kabla haijaisha.

Je, kuna njia ya kuikwepa Marekani? Nauru Airlines ina safari za visiwani kutoka Brisbane zinazofika Pohnpei kupitia Nauru, Tarawa na Majuro. Hiyo inakutoa kwa Marekani na kukupeleka kwa Australia, ambako Mvietnamu anahitaji viza ya kupita hata kama hatoki uwanjani. Viza hiyo, aina ya 771, hailipiwi na inaruhusu saa 72. Halafu kila kituo cha katikati kina masharti yake endapo ndege itakwama. Kwa mtu mwenye muda na moyo wa safari, inawezekana. Kwa likizo ya siku nane ni kujitesa.

Karatasi. Tiketi ya kuondoka, pasipoti yenye miezi sita, fomu ya kuwasili. Basi.

Gharama. Hakuna ada ya kuingia kwa siku 30, lakini kuna ada ya kuondoka inayolipwa uwanjani kwa dola taslimu, na inatofautiana jimbo kwa jimbo. Ukitembelea majimbo mawili, beba noti ndogondogo.

Inamfaa nani. Mvietnamu ambaye viza ya Marekani tayari iko kwenye pasipoti kwa sababu nyingine: ana mtoto anayesoma California, au hufanya biashara huko. Kwake Mikronesia ni zawadi. Atauona mji wa mawe wa Nan Madol huko Pohnpei, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016, pamoja na mawe makubwa ya fedha ya Yap, bila kuomba chochote kipya. Asiye na viza hiyo, na hana shauku maalumu ya kupiga mbizi Chuuk, aangalie kwingine kwanza.

Fiji

Mlango. Fiji ni kinyume chake: inataka viza kabla ya safari. Nchi zaidi ya mia moja zimesamehewa, na Vietnam haimo. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kutabasamu kidogo, kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Zamani zote zilikuwa chini ya Uingereza kama Fiji, na Jumuiya ya Madola bado inafungua milango fulani. Kwa hiyo Mtanzania aliyeoa Mvietnamu ataingia Fiji kwa mhuri tu, huku mkewe akikusanya nyaraka.

Nyaraka zenyewe ni zile za kawaida: fomu, nakala ya pasipoti, picha, mpango wa safari, uthibitisho wa malazi, barua ya mwajiri, na taarifa za benki. Vietnam watu wengi huweka akiba kwa kitabu cha amana, sổ tiết kiệm, kuliko kuacha fedha kwenye akaunti ya mshahara. Kitabu hicho kinakubalika kama ushahidi wa uwezo, ila kisimame pamoja na barua ya benki yenye salio na tarehe, na vyote viwe kwa Kiingereza au vitafsiriwe na kuthibitishwa na mthibitishaji. Fedha iliyowekwa jana yake humtia mwombaji mashaka kuliko kumsaidia. Anza wiki nyingi kabla, na usilipe tiketi isiyorudishwa kabla jibu halijaja. Weka nafasi tu.

Njia. Hapa Fiji inalipa fidia. Fiji Airways inaruka moja kwa moja kutoka Singapore hadi Nadi, uwanja mkuu wa Fiji, na pia kutoka Hong Kong. Mvietnamu anaingia Singapore bila viza, kwa hiyo akitaka anaweza kununua tiketi mbili tofauti, akalala, akala, akaendelea. Anajaza tu kadi ya kuwasili ya Singapore mtandaoni, nayo haina malipo. Hong Kong ni tofauti: kupita ndani ya uwanja kwa tiketi moja hakuna shida, kutoka nje ya uwanja kunataka viza. Njia za Sydney, Brisbane au Auckland zina ndege nyingi, lakini zinaleta viza ya pili, na sioni sababu ya kuzichukua kama Singapore ipo, isipokuwa unataka kuitembelea Australia yenyewe.

Karatasi ukifika. Barua ya viza iliyochapishwa, tiketi ya kurudi, malazi. Fiji ni kali kwa vyakula na mimea. Familia inayosafiri wakati wa Tết, mwaka mpya wa Kivietnamu, ikiwa na bánh chưng, ule mkate wa wali unaofungwa majani na kuwekwa nyama ya nguruwe ndani, itauacha uwanjani, na ikiuficha italipa faini. Tangaza kila kitu kwenye fomu. Kinachotangazwa hakitozwi faini hata kikichukuliwa. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano aonyeshe cheti cha chanjo. Kwa Mvietnamu aliyeanzia safari Hanoi hilo halimhusu. Kwa anayetoka kazini Bujumbura, Nairobi, Kampala au Kinshasa linamhusu sana, na wengi hulisahau kwa sababu wanajifikiria kwa pasipoti yao badala ya walikotoka.

Gharama. Ada ya viza, tafsiri na uthibitisho wa nyaraka. Kodi ya kuondoka imo ndani ya tiketi.

Inamfaa nani. Familia inayopanga miezi mitatu au minne mbele, yenye kazi na akiba zinazoonekana kwenye karatasi, na inayotaka hoteli za bei zote na visiwa vingi vya karibu. Haimfai mtu aliyeona tiketi nafuu Jumatatu akitaka kuondoka Ijumaa. Msimu nao uangaliwe: Tết huangukia Januari au Februari, katikati ya msimu wa vimbunga unaoanza Novemba hadi Aprili. Mapumziko ya Vietnam ya 30 Aprili na 1 Mei yanakaa pazuri zaidi.

Visiwa vya Cook

Mlango. Wageni wa mataifa yote hupewa kibali cha kutembelea cha siku 31 wakifika Rarotonga, kisiwa kikuu, mradi wana pasipoti yenye uhai, tiketi ya kuondoka na mahali pa kulala palipolipiwa au kuwekwa nafasi. Hilo la malazi si mzaha. Kupiga hema hakuruhusiwi, na hoja ya "nitatafuta nikifika" haipokewi.

Njia. Lango kuu ni Auckland. Ndege za kutoka huko ni za mara kwa mara, lakini Mvietnamu hamo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupita Auckland kwa usajili wa mtandaoni pekee. Anahitaji viza ya kupita, inayomruhusu kubaki ndani ya uwanja si zaidi ya saa 24. Ratiba ikizidi hapo, au tiketi zikiwa mbili na mzigo lazima uchukuliwe, itabidi aombe viza ya mgeni ya New Zealand. Njia nyingine zote zina shida ileile kwa sura nyingine. Honolulu ni Marekani, Sydney ni Australia, na Tahiti ni Ufaransa. Hiyo ya Tahiti inawapoteza wengi, kwani viza ya Schengen ya kawaida haikuruhusu kuingia maeneo ya Ufaransa ya Pasifiki. Ruhusa lazima ilitaje eneo lenyewe.

Na kumbuka unapita Auckland mara mbili. Ukiomba viza ya mgeni ikatolewa ya kuingia mara moja, ukaitumia kulala Auckland wakati wa kwenda, wakati wa kurudi huna kitu mkononi. Sema wazi kwenye maombi kwamba unaingia mara mbili na weka ratiba nzima.

Kwa maoni yangu, viza ya kupita hapa ni hasara ya nusu. Nyaraka za viza ya mgeni ni nyingi zaidi, ndiyo, lakini ukiipata unapata nchi mbili kwa jasho moja: wiki New Zealand, wiki Rarotonga.

Karatasi. Kwenye maombi ya New Zealand, kama ya Australia na Marekani, utaulizwa familia na makazi. Kile kitabu cha kaya cha zamani, hộ khẩu, hakitumiki tena tangu mwanzo wa 2023. Badala yake polisi wa mtaa hutoa uthibitisho wa makazi kwa fomu CT07. Nakala ya zamani iliyotafsiriwa ambayo bado iko kabatini haisaidii.

Gharama. Kuingia Cook hakutozwi. Unalipia viza ya nchi ya kupita, na tiketi ndefu kuliko zote nne.

Inamfaa nani. Mwenye ndugu Auckland, mwanafunzi wa Kivietnamu anayesoma New Zealand, au yeyote mwenye viza ya huko ya kuingia mara nyingi. Kwa hao, Rarotonga ni safari ya wikiendi ndefu. Kwa anayeanzia Vietnam bila viza yoyote, ni nchi isiyo na viza ambayo inahitaji viza.

Mambo yanayowakwamisha watu kote kunne

Pasipoti yenyewe. Vietnam ilianza kutoa pasipoti mpya ya rangi ya bluu-zambarau Julai 2022, na matoleo ya mwanzo hayakuwa na mahali pa kuzaliwa. Ujerumani ilikataa kuzitambua, na tangu Januari 2023 taarifa hiyo imerudishwa. Aliye na toleo la miezi ile ya mwanzo aombe iongezwe kwenye ukurasa wa maelezo kabla hajaanza maombi ya viza yoyote. Pasipoti ya mtoto wa chini ya miaka 14 hudumu miaka mitano tu, na mara nyingi ndiyo inayokuwa imeisha wakati ya wazazi iko salama.

Majina. Kivietnamu huanza na jina la ukoo: Nguyễn, Trần, Lê, kisha jina la kati na la mtu mwenyewe. Tovuti za tiketi zinauliza kwa mpangilio wa Kizungu, na mtu huishia na jina la ukoo kwenye sanduku la jina lake. Fuata mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha, bila alama za sauti. Kosa la aina hii husameheka kwenye ndege ya ndani. Kwenye safari ya mashirika matatu halisameheki.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ridhaa ya mwingine, iliyothibitishwa na kutafsiriwa.

Kwa hali yako

Kama huna viza ya nchi yoyote na unataka kuondoka ndani ya mwezi mmoja, chaguo la kweli ni Palau. Chukua Taipei kwa tiketi moja kama unataka wepesi, au Manila kama unataka uhuru wa kupanga. Hesabu dola mia mbili za ada na vibali kwa kila mtu, kisha linganisha na gharama ya kuomba viza kwingine; tofauti si kubwa kama inavyoonekana.

Kama bajeti ni ya familia ya watu wanne, Fiji inaweza kushinda hata baada ya kulipia viza nne, kwa sababu vibali vya Palau hulipwa kwa kila kichwa na malazi ya huko si ya bei ya chini. Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama muda upo na karatasi za kazi ni safi. Mfanyabiashara mdogo asiye na usajili wala kumbukumbu za benki ana fedha lakini hana ushahidi wa fedha, na Palau haimwulizi hilo.

Kama viza ya Marekani unayo, fungua Mikronesia kabla haijaisha. Unaweza hata kuunganisha na Palau kupitia Guam katika safari moja. Hakikisha tu viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa kila ukirudi Guam umeingia Marekani upya.

Kama ni ya New Zealand, nenda Cook. Kama ni ya Australia, Fiji kupitia Sydney inakuwa rahisi kwa ndege, ila viza ya Fiji bado unaiomba kivyake. Ya Australia haiibadilishi.

Kama ni wenza wa uraia tofauti, mmoja wa Vietnam na mwingine wa Kenya, Tanzania au Uganda, andikeni safu mbili kwa kila kituo, si kwa nchi ya mwisho pekee. Fiji itamruhusu mmoja na kumwomba mwingine nyaraka. Palau itawachukulia sawa. Ya Guam na Auckland yatawabana wote wawili, na huenda kwa viwango tofauti.

Na kama Mvietnamu mwenyewe anaishi Dar es Salaam au Bujumbura, aombe viza yoyote inayohitajika akiwa na kibali chake cha ukaaji mkononi, abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na afikirie kupitia Singapore au Manila badala ya kurudi kwanza Hanoi. Vituo hivyo viwili humpokea bila viza hata akitokea Afrika.